Aliyesoma Geji

Sehemu ya Tisa

"Nipe ufunguo," sauti ilisema nyuma yake.

Arbia hakugeuka mara moja. Wiki iliyopita tulimwacha hapo hapo, uani kwake, ameinama juu ya injini ya pikapu ya marehemu mumewe. Plagi zote nne alikuwa ameshazitoa na kuzipanga juu ya gazeti. Mpira wa geji alikuwa ameukaza kwa mkono kwenye tundu la silinda ya kwanza. Betri ya sola aliyoazima dukani kwa jirani yake Hamdi ilikuwa imeunganishwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja, na hicho ndicho kilichomsimamisha juani kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Kupima kompresheni ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa ndani ya gari akazungusha stata. Mwingine husimama mbele akaitazama sindano ya geji ikipanda, asome kila silinda inabana upepo kwa nguvu gani. Kwa miaka kumi na mmoja mumewe Jelle alikuwa akikaa ndani na Arbia akisimama mbele.

Arbia alikuwa mbele. Kiti cha ndani kilikuwa na vumbi la miezi minne.

Akageuka.

Alikuwa Olow, mdogo wake Jelle, mfanyabiashara wa ng'ombe. Alionekana ametoka sokoni moja kwa moja. Viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi la mifugo na fimbo ilikuwa kwapani. Lango alikuwa ameliacha wazi nyuma yake.

Arbia akatazama barabarani kwanza kabla ya kumtazama yeye. Alikuwa akitafuta lori.

Olow akamwambia asiwe na wasiwasi, lori la kuvuta lingekuja baada ya Alasiri kama walivyokubaliana. Yeye amekuja mapema ili asimwachie mwanamke kazi ya kubishana na dereva mgeni. Akaongeza kwamba mama yao, Bi Maka, amesema tena asubuhi hii: hatakanyaga uani hapa maadamu hilo gari limesimama. Gari lililomuua mwanawe litolewe, liende likayeyushwe.

Hayo Arbia aliyajua. Eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikwisha jana Magharibi. Nguo nyeupe alizivua, akazifua, akazianika. Wanawake wa mtaa walikuja na halwa na uvumba, wakamwambia sasa yuko huru kutoka. Walipoondoka akajaribu. Alifika mpaka kwenye lango, akashika komeo, akarudi. Hakuwa na mahali pa kwenda ambapo mtu alikuwa akimsubiri.

Alichoomba kwa wakwe zake kilikuwa siku moja tu. Kabla gari halijavutwa, aipime injini.

"Unatafuta nini humo, shemeji?" Olow akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

Arbia alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Natafuta kama alinidanganya."

Olow hakuelewa, na hakuna ambaye angeelewa bila kuambiwa siri. Siri yenyewe ilikuwa hii: Jelle, fundi aliyesifiwa kutoka daraja la Tana mpaka kambi ya Ifo, alikuwa haoni vitu vya karibu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla macho polepole. Geji ikiwekwa mkononi mwake ilikuwa sahani nyeupe tu, haina namba wala sindano. Injini alizitengeneza kwa masikio na ncha za vidole. Kwa kile kisichosikika wala kushikika, alikuwa na Arbia.

Kila adhuhuri Arbia alimpelekea chakula gereji, na kila alipofika kulikuwa na gari linalosubiri kupimwa. Yeye alisoma, Jelle akasikiliza, kisha Jelle akatangaza ugonjwa kwa sauti ya mtu aliyeona mwenyewe. Vijana wa gereji walidhani bibi huyu anamfuata mumewe kwa mapenzi. Yalikuwa mapenzi. Ilikuwa kazi pia.

Mpaka Alhamisi moja akachoka. Alimsihi aende hospitali, Jelle akacheka. Alimsihi anunue miwani, Jelle akasema fundi mwenye miwani hapewi gari. Wakabishana mbele ya sahani ya wali mpaka wali ukapoa. Na Arbia akasema neno ambalo tangu siku hiyo amelisikia kila anapofunga macho.

"Nimechoka kuwa macho yako."

Ijumaa Jelle hakumwita. Jumamosi alfajiri alisimama mlangoni mwa chumba, amevaa tayari. Alikuwa anakwenda mji wa Diff kutengeneza jenereta ya kisima. Arbia alikuwa amelala ameukabili ukuta. Jelle akasema maneno machache tu: "Injini nimeipima jana. Zote nne nzima. Usiogope."

Arbia hakujibu. Alisikia pikapu ikiondoka.

Injini ilichemka ikafa ng'ambo ya Dadaab, kwenye njia ya mchanga ambayo magari hupita kwa nadra. Jelle aliteremka akatembea. Wafugaji wa ngamia walimkuta siku ya pili. Jua na sukari vilikuwa vimeshamaliza kazi yao.

Tangu siku hiyo mji ulikuwa na lake la kusema. Mganga hajigangi. Pale Soko Mugdi, hapa Garissa, watu walisema fundi yule alijua injini yake imechoka, akaipeleka jangwani kwa kiburi. Wengine walisema kwa huruma, na hiyo iliuma zaidi. Lakini Arbia alikuwa na swali lake mwenyewe, ambalo mji haukulijua. Jelle alisema amepima. Angepima vipi, na haoni? Ama alimdanganya mkewe ili amtulize, akaenda kufa ndani ya uongo huo. Ama kulikuwa na mtu aliyemsomea.

Hayo yote hakumwambia Olow. Alimwambia tu kwamba Jelle aliagana naye akisema injini ni nzima, na yeye anataka kujua kama ni kweli.

Olow akaitazama saa yake, kisha akaitazama injini kama mtu anayetazama mnyama wa kabila asilolijua.

"Mimi najua ng'ombe, shemeji," akasema. "Ng'ombe akigoma unampiga fimbo. Gari likigoma unampigia kaka yako."

Alikuwa amezoea kulisema hilo na watu wakacheka. Safari hii mwisho wake ulimkwama. Akaegemeza fimbo ukutani, akafungua mlango wa pikapu, akapangusa kiti kwa kiganja, akaketi.

Arbia akampa ufunguo dirishani. Akamwambia azungushe akiambiwa, aache akiambiwa.

"Haya."

Stata ikaguna. Betri ya Hamdi ilikuwa na nguvu kuliko alivyotumaini. Sindano ikaruka mpaka hamsini, ikapanda tisini, mia na ishirini, mia na hamsini. Ikasimama.

"Acha."

Mia na hamsini, na injini baridi iliyolala miezi minne. Ikiwa moto ingesoma zaidi. Silinda ya kwanza ilikuwa nzima kama siku iliyotoka kiwandani. Arbia alibonyeza kitufe cha kutoa upepo, sindano ikarudi sifuri, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alihisi njaa.

Akahamisha mpira kwenye silinda ya pili.

"Haya."

Sindano ikapanda mpaka hamsini. Ikabaki hapo ikitetemeka.

"Endelea. Endelea kidogo."

Hamsini.

Akahamia ya tatu. Hamsini na tano. Akairudia, akakaza mpira upya kwa vidole vilivyoanza kuteleza. Hamsini na tano.

Olow alikuwa ameshatoa kichwa dirishani. Hakuhitaji kuambiwa, uso wa Arbia ulikuwa umemsomea. Akasema kwa upole kwamba mafundi wa mjini walishasema hivyo, injini imekufa, na kwamba hakuna dhambi mtu kuipenda kazi yake mpaka asione kasoro ya gari lake. Kaka yake alikuwa binadamu. Basi afunike boneti, wanawe mikono, wasubiri lori.

Arbia akakaribia kuifunga. Alikuwa ameshaishika boneti.

Kisha akakumbuka kijiko.

Jelle hakuwahi kuihukumu injini kwa kipimo kimoja. Alikuwa akisema kipimo cha kwanza kinakuonyesha mgonjwa, cha pili ndicho kinachokuonyesha ugonjwa. Unamimina kijiko cha oili ndani ya silinda dhaifu, unapima tena. Sindano ikipanda sana, oili imeziba nafasi ya ringi, zile pete za pistoni, zilizolika. Injini imezeeka, imechoka, na mwenyewe alipaswa kujua. Sindano isipopanda, ringi ni nzima na upepo unatorokea kwingine.

Akaingia jikoni mbio. Akatoka na kijiko cha supu.

Olow akauliza kama sasa wanaipikia.

"Rudi ndani," Arbia akasema.

Alimimina oili kwenye silinda ya pili, akakaza mpira. Hapa ndipo palipokuwa na heshima ya jina la mumewe. Ikipanda, mji ulikuwa umesema kweli.

"Haya."

Sindano ikapanda. Arobaini. Hamsini. Hamsini na tatu.

Ikasimama hapo.

"Zungusha tena."

Hamsini na tatu.

Akamimina kwenye ya tatu. Hamsini na saba. Akapima ya nne, ambayo alikuwa bado hajaigusa. Mia na hamsini, safi, haina shaka.

Arbia alikaa chini kwenye mchanga, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu. Olow alidhani amezimia, akashuka kwa haraka. Lakini hakuwa amezimia. Alikuwa akimweleza kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma barua. Silinda ya kwanza na ya nne ni nzima. Ya pili na ya tatu, ambazo ni majirani, zimeanguka pamoja, na oili haikuziinua. Ringi hazikulika. Silinda mbili jirani hazichoki siku moja kwa kiasi kimoja. Kilichopasuka ni gasketi, ile karatasi ya bati inayokaa katikati yao, na upepo wa huyu unaingia kwa yule. Gasketi hupasuka gari likichemka. Ni ajali ya saa moja tu, si uzee wa miaka.

"Kwa hiyo?" Olow akauliza.

"Kwa hiyo ilitoka hapa nzima. Alisema kweli."

Olow akafanya jambo ambalo Arbia hakulitazamia. Akatoa simu, akampigia mwenye lori, mtu wa Mwingi asiyejua Kisomali, akazungumza naye kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Sikia. Usikuje. Gari haiendi leo... Hapana, hakuna mtu ingine amenunua. Gari iko na roho, ndiyo maana."

Akakata. Akasema mama atamlaumu, lakini atamweleza mwenyewe. Gari litatengenezwa, na watu wa Soko Mugdi wataliona likipita.

Arbia alitaka kumshukuru. Alifungua mdomo kumshukuru, na badala ya shukrani kikaja kitu kingine.

Alikuwa akitazama injini. Pembeni mwake, pale aliposimama tangu asubuhi, kulikuwa na kijimkono cha chuma kinachovutwa na waya wa mafuta. Mtu akikanyaga pedali ndani, kijimkono hulala. Na alipokuwa akipima, silinda ya kwanza mpaka ya nne, kijimkono kile kilikuwa kimelala mpaka mwisho.

Ni sharti la kipimo. Pedali ya mafuta lazima ikanyagwe yote, injini ipate kuvuta hewa. Usipokanyaga, injini inakosa pumzi na geji inasoma uongo. Kila mwanafunzi wa gereji alilisahau, na kila aliyelisahau alitupiwa kitambaa cha grisi na Jelle.

Arbia mwenyewe alikuwa amesahau kumwambia Olow. Yeye hajawahi kukaa kwenye kile kiti.

"Olow," akasema. "Nani alikufundisha kukanyaga mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Ulikanyaga mpaka chini. Mara zote. Sikukuambia."

"Ah, mguu tu huo. Mimi najua ng'ombe, shemeji."

"Ng'ombe hana pedali."

Olow akaenda kuchukua fimbo yake ukutani. Hakuichukua. Alisimama mbele ya ukuta, amempa Arbia mgongo.

Alipoanza, alizungumza na ukuta. Alisema ni kweli, Ijumaa ile alikuwepo gereji. Ilikuwa baada ya sala, vijana wameshaondoka, mlango umefungwa. Jelle alimpigia simu aje amsaidie kuzungusha stata, akamfundisha kukanyaga pedali, akamtupia kitambaa mara moja. Alikalia kiti, akafanya alivyoambiwa. Hakumwambia Arbia kwa sababu kaka yake alimwapisha asiseme.

Basi Arbia hakudanganywa. Kulikuwa na mtu. Miezi minne alikuwa amebeba gunia ambalo halikuwa na kitu ndani.

Halafu akahesabu.

Olow alikuwa ndani, kwenye kiti. Jelle alikuwa mbele, mbele ya sahani yake nyeupe.

"Wewe ulizungusha," akasema. "Geji aliisoma nani?"

"Hakuisoma yeye."

"Najua si yeye. Alikuwa haoni, Olow. Kaka yako alikuwa haoni vitu vya karibu, miaka mitatu ya mwisho."

Olow akageuka. Ilikuwa wazi kwamba hilo hakulijua. Arbia akaona akili yake ikirudi nyuma, ikikusanya mambo madogo: chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe, ujumbe wa simu aliompa mtu mwingine amsomee. Alisema polepole kwamba siku ile alidhani ni utani tu, kwamba Jelle anamwachia asome ili kumfurahisha.

"Kumfurahisha nani?"

Olow akapangusa vumbi kwenye kiatu.

"Olow. Kumfurahisha nani?"

"Deka," akasema. "Mkewe."

Arbia akaokota kitambaa, akafuta kijiko mpaka kikang'aa.

"Mkewe ni mimi," Arbia akasema mwishowe. Sauti yake haikupanda.

Olow akamwambia yote, kwa kuwa sasa hakukuwa na faida ya kubakiza. Deka ni mtu wa Diff. Alikuwa karani wa stoo kambini Ifo, na Jelle alikwenda huko kutengeneza majenereta. Ni mwaka wa pili sasa. Shekhe aliwaozesha, baba yake Deka akashuhudia na Olow akashuhudia. Jelle alimpangia chumba mtaani Bulla Iftin, si mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Siku zote Jelle alisema atamwambia Arbia mwezi ujao. Eda ya Deka nayo imekwisha jana.

Kulikuwa na wanawake, Arbia aliwajua, ambao wangepiga kelele. Yeye alitazama zile plagi nne juu ya gazeti. Siri ya macho ya Jelle aliyoidhani ni ya watu wawili ilikuwa ya watatu. Alimwambia mumewe amechoka kumsomea, na mumewe hakwenda kutafuta miwani. Alikuwa na macho mengine, yenye elimu ya karani, yanayosubiri Bulla Iftin. Na macho yale yalisoma sawasawa. Zote nne nzima. Kuhusu injini, Jelle hakumdanganya hata kidogo.

Alikuwa ametaka ukweli huo kwa miezi minne. Alikuwa amefunga na kuomba aupate.

"Yuko wapi?" akauliza.

Olow akatazama lango.

Ndipo Arbia alipoelewa kwa nini liliachwa wazi. Gari la Olow lilikuwa limeegeshwa nje, upande wenye kivuli. Olow akaeleza, maneno yakigongana, kwamba si yeye aliyetaka. Deka anarudi kwao Diff kesho na amekataa kuondoka Garissa kabla hajampa pole. Ni pole tu. Walikubaliana angoje ndani ya gari mpaka Olow atakapotafuta namna ya kuanza. Namna yenyewe alikuwa ameikosa, ndiyo maana alipomkuta Arbia na injini akasema nipe ufunguo.

"Mwambie ashuke."

"Shemeji, unaweza kukataa."

"Mwambie."

Mlango wa gari ukafunguka, ukafungwa. Mwanamke aliyeingia alikuwa mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini hivi. Alitoa salamu, Arbia akaitika, kwa kuwa salamu haina kosa. Deka akaiona pikapu, akasimama palepale. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona tangu ilipoletwa juu ya lori. Uso wake ulifanya kitu ambacho Arbia alikijua vizuri, kwa sababu alikuwa akikiona kwenye kioo chake kila siku. Alitaka kumchukia. Ilikuwa vigumu kumchukia mtu ambaye, katika Garissa nzima, ndiye peke yake aliyekosa usingizi kwa ajili ya mtu yule yule.

Deka akampa pole. Akasema Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, ampanulie kaburi. Arbia akasema amina. Hayo yalichukua muda mfupi sana.

"Nimeona umeipima, abaayo," Deka akasema, akimwita dada kwa Kisomali. "Siku ile nilisoma vizuri. Nataka ujue. Nilisoma mara mbili kila moja, kwa sababu niliogopa."

"Najua. Injini imekusemea."

Deka akashika ukingo wa shela yake. Alionekana kama mtu aliyefika mwisho wa alichoruhusiwa na sasa anaamua kuvuka.

"Alikupigia simu," akasema. "Gari lilipokufa, alitembea mpaka akapata mtandao. Akakupigia wewe kwanza. Mara tatu. Simu yako ilikuwa imezimwa."

Arbia alishika ukingo wa boneti. Hakuna mtu aliyejua hilo. Siku ile aliizima mwenyewe, kwa mkono wake, akaiweka chini ya mto, ili asije akaisikia sauti ya Jelle akamsamehe upesi.

"Mara ya nne akanipigia mimi. Alikuwa bado ana nguvu. Aliniambia yuko wapi, amepita mji gani, ametembea upande gani wa njia, mti gani amekaa chini yake. Ilikuwa saa tano asubuhi."

Saa tano asubuhi. Walimkuta kesho yake jioni. Arbia alihesabu saa zile mara moja, kisha akazihesabu tena, na kila alipozihesabu zilikuwa nyingi. Gari zuri lingefika na kurudi mara mbili.

"Basi kwa nini hakuna aliyekwenda?"

"Deka," Olow akasema nyuma yao. Alikuwa amesogea karibu bila kusikika. "Tulikubaliana ni pole tu."

Deka hakumtazama. Alimsogelea Arbia mpaka shela zao zikagusana, na sauti yake ikashuka, lakini haikutetemeka.

"Nitakuambia kwa nini. Nimelibeba peke yangu eda nzima, na si langu, ni lako. Lakini sitalisema mbele ya huyu."

Hakunyoosha kidole. Uani walikuwa watu watatu tu.